Mwalimu Aliyetusindikiza Kununua Magari

Mwanamke aliyewasindikiza nusu ya watu wa mtaa wetu kwenda kununua magari hajawahi kushika usukani hata siku moja. Hajui kuendesha, hataki kujifunza, na akikaa kiti cha mbele hukanyaga sakafu kwa nguvu kila gari linapoanza kuteremka. Tulimwita Mwalimu, basi. Alifundisha Sayansi Kimu hadi alipostaafu. Alitufundisha kupima unga, kukata sketi na kusugua sufuria, na mimi nilikuwa mwanafunzi wake kabla sijawa jirani yake pale Kihesa, Iringa. Somo la magari halikuwa kwenye mtaala wowote, lakini ndilo watu wengi wanalomkumbukia.

Namkumbuka zaidi kwa sababu ya pikapu. Mimi ni muuza mchele. Kwa miaka mingi nilikodi magari ya watu kuutoa Ubaruku, kwenye mashamba ya mpunga, kuuleta Iringa, na kukodi kulikuwa kunakula faida yote kabla sijafungua gunia la kwanza. Mwaka jana nikawa nimejikusanyia milioni ishirini na moja. Hela hiyo ilitosha kununua gari, ilitosha kununua mchele, lakini kutosha vyote viwili ilikuwa ngoma nzito. Nikikosea bei, nitakuwa na gari lisilo na cha kubeba. Kwa hiyo nilifunga safari mpaka Mbeya, alikokuwa amehamia, nikamtafute.

Lakini kwanza niseme alivyokuwa.

Mtu wa mtaani kwetu akishapata hela ya gari, au akishakopa, alikwenda kupiga hodi kwa Mwalimu kabla hajakanyaga yadi ya magari. Mambo ya injini hakuyagusa. "Hiyo kazi ya fundi," alisema. "Mimi nashughulika na mdomo." Siku ya safari alitoka amevaa kitenge chake cha umoja wa wanawake wa kanisani, sweta ya kijivu juu yake, viatu vya kamba vilivyong'arishwa, na mkoba mweusi. Ndani ya mkoba mlikuwa na daftari la mistari, kalamu mbili na chupa ndogo ya chai.

Chai ile ilikuwa na kazi yake. Sisi watu wa huku tumelelewa vibaya kwa mambo ya yadi. Mtu akishakupa kitu cha kinywani, wewe ni mgeni wake, na mgeni gani anabishana na mwenye nyumba? Wenye yadi wanatujua. Hujauliza bei bado, umeshaletewa kiti, umeshaletewa soda baridi, unaulizwa habari za nyumbani, za shamba, za mvua. Ukimaliza chupa, kuuliza bei tena unaona ni utovu wa adabu. Mwalimu alikataa soda kwa tabasamu, akamimina chai yake, akamkaribisha na mwenye yadi. Wengi walikunywa, maana alikuwa mwalimu na walishazoea kutii walimu.

Mimi soda niliinywa. Kigari changu cha kwanza, cha kutembelea tu, nilikinunua hapo hapo Iringa mjini bila kumwambia, nikijiona mjanja. Nilikwenda na mume wangu, jua lilikuwa kali, tukanywa mbili mbili. Bei tuliyoelewana ilikuwa nzuri kabisa. Tulipokwisha kupeana mikono ndipo ikaja karatasi nyingine: gharama za maandalizi, ada ya karatasi, usimamizi, ulinzi wa yadi. Mume wangu alinitazama. Mimi nikatazama zile chupa tupu miguuni petu, tukalipa.

Kesho yake Mwalimu alikuja getini, akalizunguka gari mara moja, akaomba risiti. Akavaa miwani na kuweka kidole kwenye mstari wa kwanza.

"Hii ya maandalizi, Mama Upendo, mlimlipa nani?"

"Mwenye yadi, Mwalimu."

"Aliandaa nini?"

"Nadhani waliliosha."

"Mwe! Na hii ya ulinzi? Wakati linalindwa, gari lilikuwa la nani?"

Nikainamia viatu vyangu kama nilivyokuwa nafanya darasani.

"La nani?"

"La kwake."

"Kwa hiyo mmemlipia mlinzi wake mshahara. Mmefanya vizuri, naye ana watoto."

Nilitamani ardhi inimeze. Yeye hakuwa na hasira hata kidogo. Alinirudishia risiti, akanieleza pale pale, mkono mmoja ukiwa juu ya geti. Hela ya serikali ina risiti ya serikali, hiyo lipa na usibishe. Kinachobaki kwa muuzaji ni bei, akiite ada, akiite huduma, akiite utaratibu. Na kama ni bei, kinajadiliwa kama bei. Ndiyo maana yeye hakuwahi kuuliza gari ni shilingi ngapi. Aliuliza gari ni shilingi ngapi mpaka kutoka nalo getini, halafu akampa muuzaji daftari na kalamu, akamwambia aandike kila kitu kwa mkono wake mwenyewe. Ikishaandikwa yote, ndipo alipoanza kufungua mdomo.

Wakati mwingine hakuufungua kabisa. Alijua kunyamaza. Alikuwa akitaja namba moja, akifumba mdomo, akitazama magari kama mtu anayengoja wali uive. Muuzaji alikuwa akiongea, akiapa, akiita watu wa ofisini washuhudie, na mwisho akishusha bei yeye mwenyewe bila kuombwa. Nilishuhudia mara tatu na mara zote nilitoka jasho kwa niaba ya muuzaji.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha mwinjilisti wa kanisani kwetu. Usharika ulikuwa umechangishana miaka miwili kununua gari la kuzungukia mitaa ya mbali, na Mwalimu akatumwa aende naye. Mambo yalikwenda sawa mpaka mwinjilisti alipoambiwa ajaribu kiti. Yule baba alikaa, akashika usukani, furaha ikamzidi. Akafumba macho pale pale na kuanza kuomba kwa sauti, akimshukuru Mungu kwa gari hili alilowapa watu wake. Bei ilikuwa haijakubaliwa! Mwenye yadi alivua kofia, akainamisha kichwa, na tabasamu lake likawa pana kama mlango wa stoo. Ukishamshukuru Mungu mbele ya muuzaji, utapunguziwa nini tena?

Mwalimu aliitikia amina. Kisha akamgeukia mwenye yadi na kumwambia, "Umesikia, mwanangu. Mungu ameshatoa la kwake. Wewe unatoa nini?"

Yule bwana, ambaye alikuwa na mvi kumzidi Mwalimu, alicheka mpaka akashika tumbo. Akafuta ada zote na kuongeza tairi la akiba. Mwinjilisti alisimulia kisa hicho kwenye ibada kama muujiza, na Mwalimu alikaa kiti chake cha kila Jumapili akiwa amenuna, kwa sababu aliona muujiza ule ulikuwa na jasho lake ndani.

Usidhani alikuwa mbahili. Sokoni Kihesa alikuwa aibu yetu. Alinunua parachichi, viazi na njegere kwa bei ya kwanza aliyotajiwa, na mara nyingi aliacha chenji. Sisi tuliotoka naye tulibaki tunashindana na wauzaji waliokwisha kuharibiwa naye. Nikamwuliza siku moja, inakuwaje mtu anayewaliza wenye yadi anashindwa kumwombea jirani yake punguzo la viazi. Akasema yule mama wa viazi alishajipunguzia mwenyewe alfajiri, alipokuwa anavipakia, akihofia vitarudi nyumbani.

Mambo yake mwenyewe ndiyo kabisa. Simu yake aliinunua kwa bei waliyomtajia, na fundi bati alimla hela mara mbili kwa paa lile lile. Na nisimfiche mtu: mwalimu huyu wa mapishi, aliyenipa alama arobaini kwa sababu chapati zangu zilikuwa ngumu, chapati zake zilihitaji maji ya kuzisukumia. Tulizila kwa heshima.

Alishindwa pia yadini, mara moja ninayoijua. Mtoto wa dada yake alikuwa anachimba dhahabu Makongolosi, akapata, akamwita Mwalimu amsindikize Mbeya kununua gari kubwa. Njia nzima alimfundisha asionyeshe hela. Walipofika, kijana akalipenda gari la kwanza aliloliona, akafungua begi na kupanga mabunda juu ya boneti, moja baada ya jingine, huku akiuliza, "Hapo imefika?" Hakuna mdomo unaoweza kufuta jambo kama hilo. Alilipa bei yote na ada zote, akampa na mlinzi hela ya chai, akaondoka anaimba. Mwalimu alikasirika wiki nzima. Kilichomuudhi zaidi, nadhani, ni kwamba yule kijana alikuwa na furaha ya kweli na hakujutia hata senti.

Malipo hakupokea. Watu walimletea bahasha, akazipokea kwa mikono miwili, na Jumapili bahasha ile ile ilisomwa kanisani kwamba ni sadaka ya shukrani kutoka kwa fulani, kwa jina la aliyeitoa. Mwenye bahasha alibaki anapongezwa mlangoni kwa ukarimu ambao hakuukusudia.

Kati ya sheria zake zote kulikuwa na moja ambayo ukiivunja alikufinya: muuzaji asijue shida yako. Usiseme una harusi Jumamosi. Usiseme gari lako limekufa barabarani. Usiseme mtoto anaumwa, usiseme umetoka mbali. Jirani yetu mmoja alipoanza kueleza kwamba analitaka gari kabla ya Jumatatu, Mwalimu alimkanyaga kidole mpaka akasahau siku zote za wiki. Shida yako, alisema, ukimpa muuzaji, ataiuza kwako mwenyewe na faida juu.

Kisha miguu ikaanza kumsumbua, na binti yake akamchukua akakae naye Uyole, Mbeya. Siku anaondoka mtaa mzima ulitoka, na nusu ya magari yaliyoegeshwa njiani alikuwa ameyanunua yeye kwa mdomo wake. Nililia, sikuona aibu.

Hivyo mwaka jana, Ijumaa moja asubuhi, nilifika Uyole na milioni zangu ishirini na moja zikiwa benki. Hesabu ilikuwa fupi. Milioni mbili na nusu zilikuwa za magunia kumi yaliyokuwa yananisubiri Ubaruku kwa Mama Shija, mkulima ambaye watu wake walihamia bonde la Usangu na ng'ombe wao kutoka Shinyanga. Aliahidi kunishikia mpaka Ijumaa hiyo jioni. Baada ya hapo kulikuwa na wanunuzi wa Dar waliokuwa wanamsumbua. Kwa hiyo pikapu isizidi milioni kumi na nane na nusu, na kila kitu kikiwa humo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mama Upendo. Umekonda. Mchele huuli?"

Alikuwa amepungua. Uso ulikuwa mdogo ndani ya kitambaa, na sikio la kushoto lilikuwa halisikii vizuri. Lakini nilipomwambia shida yangu aliinuka bila kushika ukuta, akavaa sweta. Tukachukua bajaji mpaka yadi moja kando ya barabara kuu.

Mwenye yadi alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye sauti ya taratibu. "Mugonile, mama zangu," alitusalimu. Mwalimu akamjibu "Kamwene" kwa makusudi, Kihehe juu ya Kinyakyusa, wote tukacheka. Pikapu nilikwisha kuiona na fundi wangu wiki iliyotangulia na ilikuwa nzima. Mwalimu akatoa daftari, yule baba akaandika. Gari milioni kumi na tisa na laki mbili. Maandalizi laki nne. Ada ya karatasi laki tatu. Kusimamia kubadilisha jina laki tatu. Jumla milioni ishirini na laki mbili.

Mwalimu akaitazama karatasi, akafumba mdomo, akanyamaza.

Nikangoja. Muuzaji naye akangoja. Jua lilikuwa limetoka vizuri baada ya baridi ya asubuhi. Nilijua kimya kile, nikakaa wima kwenye kiti cha plastiki nikisubiri yule baba aanze kuapa. Dakika zikapita. Kisha nikasikia sauti ndogo, nikageuka. Mwalimu wangu alikuwa anakoroma.

Sikuthubutu kumwamsha. Nikaanza mwenyewe, nikifuata somo. Nikamwuliza hizi ada anamlipa nani. Akanijibu bila wasiwasi, mtu aliyekwisha kuulizwa hivyo mara nyingi: "Huo ndo utaratibu wa yadi, mama. Kila mtu analipa." Nikataja kumi na saba. Akacheka kwa upole. Nikataja kumi na saba na nusu, akashuka hadi kumi na tisa, ada pale pale. Nikataja kumi na nane. Akapokea simu, akaongea muda mrefu, akarudi.

"Ongeza, mama yangu. Hii gari we mwenyewe umeipenda."

Ilikuwa saa sita. Nikamtazama Mwalimu, kidevu kimezama kwenye sweta, miguu imevimba ndani ya viatu vya kamba. Nilimpenda sana, na nilikuwa peke yangu. Mbinu zilikuwa zimeniishia.

"Baba," nikasema, "mimi nina milioni ishirini na moja."

Nilisikia mwenyewe jinsi nilivyokuwa naharibu. Nikaendelea.

"Milioni mbili na nusu ni za magunia kumi ya mchele. Yako Ubaruku, yananisubiri mpaka leo jioni. Na njia nzima nahitaji mafuta. Nikikupa unachotaka, natoka hapa na gari tupu, na litakaa tupu mpaka mwakani. Watoto wanasoma kwa huo mchele. Sina pengine pa kutoa."

Yule baba akaweka kalamu chini.

"Ubaruku kwa nani?"

"Kwa mama mmoja Msukuma."

"Gunia wanatoa ngapi saa hizi?"

"Laki mbili na nusu."

"Mwe! Mke wangu juzi kanunua hapa sokoni, kapigwa laki tatu na kitu, na chuya humo humo." Akatikisa kichwa. Tukaongea mchele kidogo, upi unanukia, upi unachambuka, nani anachanganya wa zamani na mpya. Kisha akavuta daftari. "Sasa kwa nini hukusema toka mwanzo? Mi nakaa hapa najua unanipima tu. Kila anayekuja hapa ananipima."

Akafuta ada tatu kwa mkono wake, mstari mmoja mmoja. Akaandika milioni kumi na nane na laki nne, kadi ya gari ije na jina langu. Na mimi nikaahidi kwamba safari ijayo nitamshushia magunia mawili kwa bei ya Ubaruku. Namba zangu zote alizichukulia kuwa mbinu, na kweli zilikuwa mbinu. Mchele aliuamini. Nikalipa, mkataba ukagongwa muhuri, ikabaki hela ya magunia na laki moja ya mafuta. Nikamgusa Mwalimu bega.

Njia nzima hakuuliza kitu. Tulipofika Uyole, mbele ya geti la binti yake, akafungua mlango nusu, akanigeukia kwa sikio lile zima.

"Umetoka nalo getini kwa ngapi?"

Nikamtajia.

"Na ada?"

"Hakuna hata moja."

"Ulimfanya nini?"

Nilitamani kudanganya. Ningeweza kusema nilinyamaza kama wewe, angefurahi. Nikamwambia kweli, kwamba nilimweleza mtu shida yangu yote, hela yote niliyonayo, mchele, watoto, saa. Nikaweka mkono mahali anapopenda kufinya.

Mwalimu alitazama kioo cha mbele, kisicho na vumbi bado.

"Mimi ningelipa zaidi," alisema.

Nikadhani sikumsikia vizuri.

"Ningenyamaza, naye angenyamaza. Tungefika kumi na nane na laki nane, na ningerudi hapa najisifu." Akaanza kucheka, kicheko cha chini kilichomtikisa mabega, mpaka akavua miwani na kujifuta macho. "Miaka yote ile nimewakanyaga watu vidole."

Nilifurahi, sijui nieleze vipi. Nilifurahi kuliko siku aliponipa cheti. Nikamkumbusha kwamba saa zinakwenda na Ubaruku ni mbali.

"Utafika," alisema, akaufunga tena mlango aliokuwa ameufungua, akakaa vizuri kitini. "Anza pale ulipoutaja mchele. Taratibu. Yeye alisema nini?"